Mugongo ya kitambaa haiko mu kitabu

Nimeandika vile nilisema siku ya posho (jumamosi), mu sale ndogo hapa Lubumbashi, mbele ya bamama ya broderi, bavijana ya atelie na bazee kama kumi hivi benye balikuja juu ya pombe ya mwisho, nabajua. Ni Kiswahili ya kwetu, wale wa Kiswahili bora batusamehe.

Jambo yenu bote. Bamama, babaa, bayaya na bandugu, asanteni kufika. Najua umeme imerudia ku komine yetu ya Kenya saa saba leo na kuna mama hapa amewacha pasi moto juu ya kuja kunisikiliza, basi sitawachelewesha mpaka usiku. Baliniomba niseme juu ya ile mambo yenye bibi yangu anaita "ugonjwa yako", ni kusema kukusanya bitabu ya zamani ya kazi ya mikono na ya mapambo, broderi, kusuka, kuchonga, shaba, rangi ya ukuta, bintu ya vile.

Nianze na karanga. Iko zaidi ya miaka 20 sasa, nilikuwa nimetoka ku kazi, nikanunua karanga ya kukaanga ku mama mumoja kando ya barabara mu Kamalondo, akanifungia mu karatasi yenye alikunja kama pembe, vile tunajua bote. Nakula, natembea, karanga ikaisha, niko karibu kutupa karatasi, nikaona kidole. Mukono ya mwanamuke, ilichorwa na mistari midogo midogo kabisa, inashika sindano, uzi imepita juu ya kidole, na chini maandishi ya Kifaransa inaeleza namna ya kuanza mushono ya musalaba. Nikasimama katikati ya njia. Ile mukono niliijua tangu utoto.

Mama yangu alijifunza kushona ku foyer sosiali ya kambi ya Union Minière, kampuni ya shaba, miaka ya 1950, kule balikuwa banafundisha mabibi ya bafanyakazi kushona, kupiga pasi na kulea mutoto. Alikuwa na kitabu moja, fupi, nene kama tofali, ganda ilishatoka zamani, aliifunga na kipande ya mupira ya baiskeli. Jirani akikuja kuomba ua ya kuweka ku kitambaa ya meza, mama anachukua mukasi, anakata ukurasa, anamupa, anasema "utanirudishia." Nani alirudisha? Siku tulimuzika mama, mu ile mupira ilibaki karatasi kama kumi tu.

Basi nikarudia mbio ku mama ya karanga. Kitabu ilikuwa chini ya paja yake, nusu ilishaenda mu matumbo ya batu wa Kamalondo. Akakataa kuuzisha, akaniambia karatasi ya vile ni muzuri, haitoe wino ku karanga kama gazeti. Tukabishana, mwisho nikanunua nusu kitabu pamoja na karanga yote ya beseni, na ku nyumba tukakula karanga siku ine, batoto njo balifurahi.

Ile kitabu inaitwa Encyclopédie des ouvrages de dames. Aliyeiandika ni Thérèse de Dillmont, mwanamuke wa Austria, na ilitoka 1886 ku kampuni ya uzi ya Mulhouse, Dollfus-Mieg, ile bamama munaita DMC. Oneni akili ya bafanyabiashara: bananiandikia kitabu ya kunifundisha kushona, na ku kila mushono bananiambia uzi gani ya kwao ninunue. Lakini kazi balifanya kweli, baliitafsiri mu luga mingi, ikaenda ku misioni, ku masista, ku foyer, mpaka ikafika huku. Mama yangu hakujua namba ya telefoni hata moja kwa kichwa, lakini umuulize nyekundu, atakuambia 321, nyeusi 310, bila kuangalia.

Sasa hapa njo nilijifunza jambo ya kwanza, na bavijana benye banataka kuanza basikie vizuri. Bitabu ya bei kali haipotee sana. Mutu tajiri ananunua, anaweka mu kabati, anakufa, mutoto anauzisha, kitabu inatoka safi. Ile yenye inapotea ni ya kazi, ya kufundisha, yenye mafuta ya mikono, yenye ilikatwa na mukasi. Zile bitabu ya Dillmont zilichapishwa mingi sana, lakini tafuta moja yenye ilitumika hapa kwetu, na jina ya mwenyewe imeandikwa na kalamu ya risasi ndani, tafuta tu, utaniambia. Na usitafute mwaka ku ukurasa ya kwanza, mara mingi habakuiweka. Unaangalia karatasi, unaangalia matangazo ya uzi ya ku mwisho, unabahatisha.

Ku ile bitabu ya tajiri, nitasema pia, juu iliniuma. Wenye kukusanya bote banaota kitabu ya Owen Jones, mwarkitekti wa London, The Grammar of Ornament, ya 1856. Yule bwana alikuwa kijana wakati alienda Granada mu Hispania, ku jumba ya Alhambra, 1834, yeye na Mufaransa mumoja, Jules Goury, banachora ukuta ya Waarabu siku kwa siku, mpaka Goury akakufa pale pale na kipindupindu. Jones akaendelea. Kitabu yake inaonyesha mapambo ya Misri, ya Uajemi, ya India, ya China, planshi 100 ya rangi, ni kusema karatasi nzima ya picha. Miye nikaona ile kitabu inauzishwa, muuzaji wa ng'ambo, jina naacha, anaandika "1856, halisi". Dola 220. Nikajikaza, nikatuma, kitabu ikafika mu valizi ya binamu kisha miezi ine, nikaweka taulo safi ku meza, nikafungua kama mutu anafungua mutoto wa kwanza.

Kuna fundi wa saa mumoja rafiki yangu, alikuwa pale, akatoa kile kioo anaweka ku jicho, akainama, akasema: "Ndugu, mbona rangi yako iko na nukta nukta kama foto ya kalendari?"

Nieleze kidogo. Miaka ile ya Jones, rangi balikuwa banachapa na jiwe. Jiwe ya chokaa, laini, banachora juu yake na kitu ya mafuta, kisha banailowesha na maji, wino ya mafuta inashika ku mafuta tu, ku maji inakataa. Rangi moja, jiwe moja. Planshi ya rangi munane, karatasi ile ile inapita ku mawe munane, na kila mara inapashwa kuangukia mahali pale pale, la sivyo nyekundu inatoka inje ya mustari kama shati yenye kufungwa kifungo vibaya. Ukiangalia na kioo unaona rangi imelala juu ya rangi, na kama nukta iko, imetupwa na mukono, ovyo ovyo. Lakini mashini ya siku hizi inaweka nukta mustari mustari, zinajipanga kama maua madogo. Yangu ilikuwa maua madogo kila mahali. Na kitu yenye iliniuma zaidi, hata kioo haikukuwa lazima: ningehesabu planshi tu. Yangu ilikuwa na 112. Ya 1856 ni 100, zile za kuongeza zilikuja ku kitabu ya baadaye. Mutu wa Lubumbashi mwenye anahesabu mifuko ya makala mpaka mara tatu mbele ya kulipa, akashindwa kuhesabu planshi! Bibi yangu mpaka leo, nikileta kitabu mupya ku nyumba, ananiuliza "ulihesabu?"

Muhesabu, tafadhali. Ukurasa ya mwanzo ku bitabu ya vile iko na liste ya planshi, unaenda moja moja na kidole. Juu kuna batu banachana, banauzisha planshi moja moja mu kadre, inaleta pesa zaidi kuliko kitabu nzima. Ukiona alama ya makata karibu na mushono ya kitabu, ujue kuna mutu alipita mbele yako.

Na nisifiche, mu bitabu hii kuna matusi. Sura ya kwanza ya Jones inaitwa mapambo ya "makabila ya washenzi", ni batu wa visiwa vya Pasifiki njo aliweka pale. Lakini ukisoma, yeye mwenyewe anabasifu kupita mafundi wa kwao Uingereza, anasema mapambo yao inafuata kweli kazi yake kila mara. Anakutukana ku kichwa, anakusifu ku tumbo. Bitabu ya ile wakati iko vile, unakula samaki unatoa mifupa.

Sasa nifike ku yenye ilinileta hapa.

Kitabu ya Emil Torday na Joyce juu ya Bakuba, batu wa Kasaï, inaitwa Les Bushongo, ilitoka ku Bruxelles 1910 mu Annales ya makumbusho ya Tervuren, kule Ubelgiji. Torday, Muhungaria, alipita Kasaï kati ya 1907 na 1909 kwa ajili ya British Museum, pamoja na muchoraji Norman Hardy, bakafika ku mufalme Kot aPe. Ni kitabu mukubwa, foto, rangi, bitambaa ya rafia yenye tunaita velours ya Kasaï. Miye sina yenyewe, bei yake si ya mutu kama miye, niko na foto tu mu telefoni, na album moja ingine ya zamani kidogo, ya mapambo ya Kongo, yenye nilinunua hapa ku mutu alikuwa anarudia Ubelgiji na anauzisha bintu ya nyumba pa baraza.

Ile album nikaipeleka Katuba, ku mama moja anatoka upande ya Mweka, kule Kasaï, anashona rafia tangu usichana. Yuko hapa leo, alinikataza kutaja jina, mutamujua juu ananicheka. Nikamukuta mu lupango, amekaa ku kiti fupi, chini ya muti ya maembe, nikafungua planshi muzuri kupita zote, nikangojea aseme "oh". Hakusema. Akashika karatasi na vidole mbili, akageuza. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akageuza tena mbele. Akageuza nyuma.

"Mugongo iko wapi?"

Nikamuambia, mama, ni foto, haina mugongo. Akaniangalia kwa huruma. "Mwana wangu, uso ya kitambaa kila mutu anaweza kukudanganya. Mimi naangalia mugongo."

Akaingia mu nyumba, akatoa kipande chake, akakiweka ku magoti. Bavijana, angalieni kama hamujaona kazi hii karibu. Kitambaa ya chini bababa njo banasuka, ku rafia ya jani, njo maana ni ndogo, urefu yake ni urefu ya jani. Kisha bamama banapokea. Anachukua uzi mumoja ya rafia, amelainisha na mikono, anaupitisha chini ya uzi mumoja tu ya kitambaa, hautoboke upande wa pili, anauvuta mpaka kubaki kipande fupi, anaukata na kisu kidogo pande mbili, tap, tap. Hakuna fundo. Unabaki kama nywele fupi, milimita mbili tatu hivi, na unasimama juu kitambaa inaukaza. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Mbele unaona velours, nyekundu ya ngula (unga ya muti mwekundu), nyeusi, na mistari inavunjika na kurudia. Ukigeuza nyuma, hakuna kitu, kitambaa tupu. "Kama mugongo inaonyesha kitu," akasema, "ule mwanamuke alikuwa na haraka ya soko."

Na hakuchora kwanza! Nilimuuliza mara tatu. Hakuna kalamu, hakuna karatasi, mustari unatoka mu kichwa, ukifika ku pembe anaamua pale pale kama unavunjika ao unaendelea. Inasimuliwa kama miaka ya 1920 bamisionere balimuonyesha mufalme wa Bakuba pikipiki, bakafikiri atashangaa mashini, yeye akashangaa alama ya mupira mu udongo, akaomba ile alama ichukuliwe kuwa pambo na ipewe jina yake. Nilimuambia mama hii habari. Akasema, "Sasa, pikipiki ingekuwa na kazi gani ingine?"

Tulikaa pale mpaka jua ikashuka. Tukapita planshi zote, moja moja. Mingine alisema "hii ni ya kwetu", ingine "hii ni ya batu wa ng'ambo ya muto, uliza kwao", ingine akanyamaza, akasema nkambo yake njo angejua. Miye nilikuwa naandika na kalamu ya risasi pembeni, jina ya kila pambo vile alilitamka. Najua kuna wakusanyaji hapa benye bananichukia sasa, ati unaandika mu kitabu ya zamani? Ndiyo, naandika, risasi laini, kidogo kidogo. Album ile ilikuwa na jina ya muzungu mwenye alipiga foto, jina ya mwenye alinunua kitambaa, jina ya mwenye alichapa. Mwanamuke mwenye alishona, hata herufi moja.

Na si Kasaï tu. Huku kwetu, upande ya Baluba na Bahemba, mwalimu Frans Olbrechts mu kitabu yake ya 1946 alikusanya viti na sanamu zenye sura ndefu, mashavu imeingia ndani, akaona kama ni mukono ya atelie moja, akaipa jina ya kijiji, Buli. Alikuwa na jicho, nakubali. Dunia nzima ikasema "Maître de Buli", fundi wa Buli, miaka na miaka, na ni baadaye tu batu wa kule balitoa jina ya fundi, Ngongo ya Chintu. Fikiri, bangeuliza mapema wazee benye balimujua kwa macho.

Nipite haraka ku mambo ya kutunza, juu najua mutaniuliza. Mvua ikianza, mwezi ya kumi na moja hivi, usifunge bitabu mu sashe ya plastiki, inatoa jasho, inapata madoa ya kahawia. Usiweke pa chini, mchwa haina heshima ya mwaka 1886. Usipachike skochi (utepe ya kubandika), kisha miaka kumi inakuwa manjano na inakula karatasi. Kiangazi, vumbi nyekundu ya Lubumbashi, pangusa na burashi laini, si na kitambaa ya maji kama mutoto wangu. Bas.

Na cachet, ni kusema muhuri. Ukiona kitabu iko na cachet ya biblioteki, fikiri kwanza. Kisha ile kupora ya 1991 bitabu mingi ilitoka mahali ilikuwa. Nilipata moja pa bashi mu muji, juu ya kufua shaba, iko na cachet wazi kabisa, nikalipa franka zangu nikairudisha kwa mwenyewe, nyumba moja sitaitaja. Mutu wa ku meza akaangalia, akafungua rejista, akanifungia uso: "Karte yako ya kusomea iko wapi? Hii ilipashwa kurudi zamani." Nilitoka mbio. Kitabu balibakia nayo, hiyo njo nilitaka, lakini asante sijapata mpaka leo.

Wazee wa hapa, neno moja kwenu. Kuna kati yenu benye baba zao balipita ku Hangar, ile atelie ya wachoraji ya Romain-Desfossés yenye ilianza 1946 hapa hapa Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, Pili Pili na samaki na ndege zake, Bela anapaka na vidole, Mwenze na mistari yake kama majani. Kama ku nyumba kuna karatasi ya ekspozisio ya ile miaka, hata imekunjwa, hata panya imeonja, musiwashe nayo mbabula (jiko ya makala). Nitakuja kuona. Sitanunua lazima, nitapiga foto na mutaniambia nani ni nani.

Nimemaliza. Bitabu iko pa meza pale, musiogope, mikono kavu tu.

(Naongeza hii kisha hotuba.) Batu balisimama, wazee bakaenda ku pombe kama nilivyosema. Mama wa Katuba akabaki ku meza, akachukua ile nusu ya kitabu ya Dillmont, akapita kurasa polepole, akafika pale kuna shimo. Nikatoa bahasha mu mufuko, ndani kuna ile karatasi ya karanga, nimeinyosha lakini kunjo haikutoka, na doa ya mafuta inaonyesha mwangaza mpaka upande ya pili. Akaiweka ku mahali yake, ikaingia sawasawa. Akaitoa tena, akainusa, akacheka. Kisha akageuza, kuangalia mugongo.